Sauti Katika Wimbo wa Tisa

Kissimmee, Florida
4 Machi 2018

Baba, naomba baraka yako.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na jirani yetu Bi Provi mzima, pamoja na kuku wake waliosalia. Sisi huku hatujambo. Kazi yangu ya kufua mashuka hotelini inaendelea. Nyumba tunayokaa mimi na binamu Wanda ni nzuri, ina maji ya moto na dirisha linalotazama mti. Chakula ndicho kinachonishinda. Juzi nilipika wali na mbaazi za kopo, Wanda akala akanyamaza, na wewe unamjua Wanda, si mtu wa kunyamaza. Anakusalimu. Anauliza kama ile simu tuliyokununulia umeitupa baharini au umeichemshia supu. Nimekupigia tangu Januari. Inaita, inaita, kisha inakatika. Inaita, Baba, maana yake ina chaji.

Sasa nije kwenye jambo langu, na tafadhali usiikunje barua kabla hujamaliza.

Kuna filamu imetoka mwezi uliopita. Ni ya shujaa, mmoja wa wale wanaovaa chuma na kuokoa mji, lakini huyu ni mwanamke, mweusi kama sisi, nywele zake kama zangu nisipozibana. Anaitwa Adaru. Mji wake uko bondeni, chini ya ukuta wa bwawa kubwa, naye ana uwezo wa kuyazuia maji kwa mikono. Watu wa huku wameipokea kama harusi. Wanakuja ukumbini na watoto na mabibi, wamevaa vizuri, wamejipaka manukato. Mimi nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia bila aibu. Wanda ameacha kunisindikiza. Kijana anayekata tiketi ananiita Shangazi Adaru.

Filamu hiyo ina albamu ya nyimbo zake. Nimenunua diski na jana nimeituma kwa posta, nimeifunga ndani ya soksi isivunjike. Ikifika, cheza wimbo wa tisa. Uwe peke yako. Sikuambii kwa nini. Ukishausikia, niandikie neno moja tu, nitaelewa.

Binti yako,
Zuleyka


Medianía Alta, Loíza
29 Machi 2018

Zuleyka, Mungu akubariki na akuepushe na upuuzi.

Barua yako imefika Jumatatu. Mimi mzima. Bi Provi mzima, kuku wamebaki watatu na jogoo mmoja aliyerukwa na akili tangu kimbunga, anawika mchana kutwa. Umeme umefika hadi kanisani. Mafundi wanasema kwetu ni wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika wanasema wiki ijayo. Paa liko salama. Nakula. Simu ina tatizo la betri.

Soksi yako haijafika.

Kuhusu hiyo filamu, nimeisoma habari yake hadi mwisho kama ulivyoniomba. Sasa nisikilize. Mama yako hajamaliza mwaka kaburini. Tangu tulipomzika ile Oktoba, ngoma yangu nimeifunika shuka na kuigeuzia uso ukutani. Vijana wa kikundi cha bomba, ngoma yetu ya asili, walikuja mwezi wa pili kuniomba niwapigie. Niliwaambia nyumba hii haina mpiga ngoma. Walisimama hapo uani wakitazamana kama watoto waliofiwa tena, nami nikafunga mlango. Sasa wewe, mtoto wake wa tumboni, unaniambia niketi nisikilize muziki wa mtu wa suruali ya kubana anayezuia mto.

Mama yako hakuhitaji shujaa. Alihitaji umeme wa kuendesha mashine ya kupumulia. Huyo Adaru wako alikuwa wapi?

Fanya kazi. Kula vizuri. Usipoteze jioni zako gizani na watu usiowajua.

Baba yako,
Eulogio


Kissimmee
15 Aprili 2018

Baba, naomba baraka yako, hata kama umekasirika.

Wanda hajambo, amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni tu, mmoja anatoka na mwingine anaingia. Mimi nilishikwa na mafua, yamepita. Nimepata mbaazi mbichi kwa mtu mmoja wa Jamhuri ya Dominika mwenye duka. Siku hiyo nilipika hadi jirani akagonga mlango kuuliza kinanukia nini.

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya rundo la mataulo. Nilitaka kukujibu palepale. Nikasema nisubiri hasira ipungue. Haijapungua, kwa hiyo naandika.

Unaniambia mama hajamaliza mwaka. Najua, Baba, nilikuwepo. Mashine ilipozima mimi ndiye niliyempepea kwa kifuniko cha boksi, na wewe ulikuwa kwenye foleni ya mafuta ya jenereta. Sikulaumu. Foleni ile ilikuwa ya kisiwa kizima. Lakini usiniandikie kana kwamba nimesahau kwa sababu ninakwenda sinema.

Nikueleze basi. Adaru anayazuia maji mpaka mtu wa mwisho anapita darajani, na ukumbi mzima unapiga makofi. Kisha anarudi kwao, bado ana chuma mwilini, anamkuta mama yake amekwisha kufa kwa homa. Kitandani tu, kimyakimya. Ana nguvu za kuzuia mto mzima na amechelewa nyumbani. Anakaa kizingitini. Hapo ndipo wimbo wa tisa unapoanza. Mwanamke anaimba peke yake bila ala yoyote, kisha ngoma inaingia chini yake. Ngoma, Baba, si vinanda. Mara ya kwanza nilitoka nje nikajifungia chooni mpaka filamu ikaisha. Ndiyo maana nilirudi, nilitaka kuimaliza. Na nilipoimaliza nilirudi tena kwa sababu nyingine, ambayo sitakuambia mpaka uusikie mwenyewe, maana nikikuambia kwanza utasikia maneno yangu badala ya wimbo.

Jambo jingine. Kuna mtu ameweka mtandaoni picha ya barabara yetu. Nimeitambua nyumba kwa ule ukuta uliopakwa nusu. Paa ni la bluu, Baba. Paa letu halijawahi kuwa la bluu. Na kwenye kona ya picha umesimama wewe, umeshika fimbo, mguu mmoja una kandambili na mwingine umefungwa kitambaa.

Niambie ninachokitazama.

Zuleyka


Medianía Alta
9 Mei 2018

Mungu akubariki.

Umeme bado. Mvua imeanza. Jogoo wa Bi Provi tumemla, alikuwa mgumu kama alivyoishi.

Turubai ni la muda. Fundi amesema atakuja. Mguuni ni msumari, niliukanyaga nikiokota mabati uani. Kidonda kimeanza kukauka. Fimbo ni ya kufukuzia mbwa.

Soksi imefika. Diski nimeiweka kabatini pamoja na nguo za mama yako. Sina cha kuichezea na sina haja nayo.

Nikuulize na mimi. Kwenye bahasha yako, baada ya jina la barabara, umeandika 214. Nyumba gani hiyo yenye chumba cha 214? Bi Provi akiwasha jenereta tunatazama habari. Nimewaona watu wetu waliopewa vyumba vya moteli huko Florida baada ya kimbunga, wamesimama na masanduku, wanaambiwa muda wao unakwisha. Kulikuwa na dirisha nyuma yao. Lilikuwa linatazama mti.

Unaniuliza paa langu lina rangi gani. La kwako ni la nani?

Na nisikie vizuri: usirudi. Nasema mapema usije ukapata wazo. Huku hakuna kazi, hakuna taa, na Juni inafungua vimbunga vingine. Kaa huko huko.

Eulogio


Kissimmee
21 Mei 2018

Baba, naomba baraka yako.

Habari za huku ni hizi, na safari hii ndizo zenyewe. Ni moteli. Mimi na Wanda tuna kitanda kimoja, jiko la umeme tunalolificha chini ya kitanda mkaguzi akija, na sinki tunaloogea, kuoshea vyombo na kufulia. Mwisho wa Juni tunatolewa. Tumetafuta nyumba, kila mahali wanataka kodi ya miezi mitatu pamoja na barua ya mwajiri. Sikukuambia kwa sababu ungeniambia nimekimbia bure. Mti upo, hilo sikudanganya.

Na kazini nimepewa onyo. Nilikuwa naucheza ule wimbo kwenye simu nikikunja mashuka, mchana kutwa, wimbo huo huo. Msimamizi akanijia.

"Dada, huna mwingine?"

"Huu unanitosha."

"Wenzako wanasema unawaliza."

"Na wao wamefiwa?"

Aliandika jina langu tu.

Nitakuambia sasa, kwa kuwa diski umeizika kabatini na hutaisikiliza. Baba, ni mama. Sauti ile ni ya mama.

Unamkumbuka yule kijana wa chuo aliyekuja na kinasa sauti, mwaka niliomaliza shule? Alikaa uani siku nzima. Wewe ulipiga, mama aliimba, akampa sahani mbili za kaa na wali, naye kijana akaondoka akisema atatuletea nakala. Hakuleta. Nani anajua aliuza wapi, nani alichukua kutoka kwa nani. Wanda anasema mimi ni mgonjwa, anasema wanawake wengi wana sauti nzito. Lakini mimi nimelala kifuani kwa sauti ile. Kila nikinunua tiketi nakwenda kumsikia mama yangu, amekaa gizani na watu mia tatu, na wote wananyamaza kwa heshima yake. Kwenye mazishi hatukuwa hata na watu ishirini, kwa sababu barabara zilikuwa zimeziba.

Sasa umejua. Usikilize au usisikilize. Lakini mguu uonyeshe daktari. Una sukari, Baba. Kidonda cha msumari hakikai miezi miwili kwa mtu mwenye sukari.

Zuleyka


Hospitali, Carolina
5 Juni 2018

Zuleyka mwanangu, Mungu akubariki. Huu si mwandiko wa baba yako, ni mimi Providencia, Bi Provi wenu. Usishtuke, yuko hai na anagombana na kila mtu. Anataka niandike kwamba ni kidonda kidogo. Siandiki hivyo. Yeye ana ulimi na mimi nina kalamu.

Wiki iliyopita nilimpelekea supu ya kaa, nikasikia harufu, na haikuwa ya kaa. Nikamwambia, "Eulogio, vua hicho kitambaa." Akasema, "Nenda kawatazame kuku wako." Nikakivua mwenyewe. Mwanangu, nimelea watoto sita na sijawahi kukimbia kitu, lakini siku ile nilikimbia hadi barabarani kusimamisha gari. Wamemkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari anasema angekaa siku chache zaidi ungekatwa mguu wenyewe. Sasa anasema niandike kwamba vidole hivyo hakuwa akivitumia. Nimeandika.

Barua yako ya mwisho ilifika siku ya pili baada ya kukatwa. Niliomba nimsomee, akaninyang'anya. Alisoma, akaiweka chini ya mto, hakula chakula cha mchana. Nilipokwenda nyumbani kwenu kumchukulia nguo nikaikuta diski kabatini, bado imo ndani ya soksi. Nikaja nayo, na kile chombo changu cha kuchezea diski, kile cha betri. Akasema, "Ondoa hicho." Nikamwambia, "Leo huna mguu wa kunikimbia." Nikamvalisha vile vya masikioni, nikabonyeza wimbo wa tisa kama ulivyoandika Machi.

Alisikiliza wote. Akaniashiria nirudie. Akasikiliza tena, macho juu darini. Mara ya tatu akavivua mwenyewe akageukia ukutani. Nikamuuliza, "Eh? Ni mkeo Fela?" Akasema, "Nipe kalamu."

Nampa.

Zuleyka.

Si yeye.

Nimetamani nikuandikie kwamba ndiye, wala usingejua. Lakini umeniuliza mimi kwa sababu unajua nitasema kweli. Mama yako hakuwahi kuingia pamoja na ngoma. Alichelewa kidogo, makusudi, kunichokoza, mpaka niinue kichwa nimtazame. Miaka thelathini na kitu alinifanyia hivyo na kila mara niliinua kichwa. Huyu wa kwenye diski anaingia sawasawa. Anaimba vizuri, pengine vizuri kuliko mama yako, Mungu anisamehe. Ila hanichokozi. Nimemsikiliza mara tatu, sikuinua kichwa.

Na nikuambie lingine, maana nimechoka kulibeba. Betri ya simu ni nzima. Siku ile ya Januari ulipopiga mara ya kwanza ukasema "Baba, ni mimi," mimi nilijibu, "Fela, uko wapi?" Wewe hukusikia, laini ilikuwa inakwaruza. Nilikata. Sauti unayoitafuta sinema, mwanangu, unayo wewe kooni. Toka hapo sikuweza kupokea. Lakini nilikuwa naichaji kila siku kwa Bi Provi, na ilipoita nilikaa karibu nayo mpaka inyamaze.

Jumapili ya tarehe 17 nitakuwa nimetoka hospitali. Piga mchana.

Eulogio


Kissimmee
18 Juni 2018

Baba, naomba baraka yako.

Jana ulipokea. Naandika leo kwa sababu jana hatukusema kitu, sote wawili. Nilipoomba baraka ulinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha ukasema, "Endelea kusema." Nikachukua karatasi ya matangazo ya duka iliyokuwa mezani nikakusomea bei ya kuku, bei ya sabuni, bei ya viti vya plastiki, na ulinisikiliza hadi mwisho kana kwamba ni misa. Wanda alikuwa mlangoni na viatu mkononi, hakuthubutu kuingia.

Nilikasirika na barua yako ya hospitali kuliko zote. Si kwa ajili ya vidole, ingawa kwa hivyo pia, na Bi Provi nitamshukuru maisha yangu yote. Nilikasirika kwa lile neno. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasema, mzee huyu kaninyang'anya mama mara ya pili. Niliucheza wimbo ili nikuhakikishie kuwa umekosea. Nikasikiliza pale anapoingia. Ni kweli, anaingia pamoja na ngoma. Sasa kila nikiusikiliza namsikia mwanamke mgeni, kisha ghafla, katikati, namsikia mama, kisha mgeni tena. Nilidhani nitauchukia. Bado naupenda. Sijui unaitwaje ugonjwa huo.

Haya, nisikilize, kwa kuwa muda haupo. Jumamosi ya tarehe 30 tunatoka moteli. Wanda amepata kazi Pennsylvania, kwenye kiwanda cha kuku, na ameniombea nafasi na mimi. Basi linaondoka asubuhi ile ile. Jana nilikuuliza kama nirudi nyumbani. Ukasema mvua inanyesha. Nikauliza tena. Ukasema Bi Provi anakuita.

Mei uliniandikia nisirudi. Sijui kama neno hilo bado ni neno. Siwezi kuja kukaa kwenye nyumba ya mtu ambaye hataki nije, hata kama mtu huyo hana vidole. Nikienda Pennsylvania sitarudi karibuni, Baba, najijua. Nitapata chumba, nitanunua koti, nitazoea.

Nije au nisije? Nimetuma hii kwa posta ya haraka. Fanya hivyo na wewe. Usiniandikie habari za mvua.

Zuleyka


Medianía Alta
25 Juni 2018

Zuleyka, Mungu akubariki na akulinde njiani, popote utakapokwenda.

Ningekupigia, lakini kwenye simu ningesema mvua.

Mguu unaendelea. Nesi anakuja kila baada ya siku mbili, ni msichana wa Canóvanas, mkali, ananiita babu na ananitukana nikila mkate mtamu. Umeme umewaka kwenye ukumbi wa mtaa na kwa Bi Provi. Kwangu bado, nguzo imelala.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nilianza jibu, nikalichana. Nikaanza jingine. Bi Provi akachungulia akasema, "Unachana karatasi za nani?" Nikamwambia zangu. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na vijana wa kikundi wakatangaza kwamba mchana wataonyesha filamu ukumbini, kusherehekea taa. Nikauliza filamu gani. Wakaniambia. Nikasema siendi. Bi Provi akaleta kiti cha magurudumu alichokiazima kanisani akakiegesha mlangoni kwangu.

Walikuwa wameziba madirisha kwa maboksi. Watu walijaa hadi milangoni, watoto mbele, wamefunga mataulo mabegani kama mashujaa. Mguu wangu waliuweka juu ya kreti ya soda. Mwanzoni nilikuwa nacheka moyoni. Huyo adui mwenye koti jeupe, Bi Provi alimtambua kabla hajafungua mdomo. "Huyo ni mwongo," akasema kwa sauti, "tazama anavyokula." Adaru alipoyazuia maji, mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Dada, ukimaliza hapo uje na nguzo ya kwa Eulogio." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mimi nilicheka, kwa mdomo kabisa. Sikuwa nimecheka tangu mwaka jana, mbavu ziliniuma.

Kisha akarudi nyumbani kwao akamkuta mama yake.

Hakuna aliyecheka tena. Pale ukumbini, mwanangu, hakuna nyumba ambayo haikuzika mtu msimu ule. Yule msichana alikaa kizingitini na lile chuma lake, na mikono yake haikujua iende wapi. Mimi siku ile nilirudi kutoka kwenye foleni na galoni mbili za mafuta, nikakukuta umekaa kizingitini hivyo hivyo na kifuniko cha boksi mapajani. Sikukuambia neno. Nilipita nikaingia ndani. Nilifikiri nimekaa miezi yote hii nikimwomboleza mama yako, kumbe kuna mtu nilimwacha mlangoni.

Wimbo ukapita. Si yeye. Hilo halijabadilika.

Filamu ikaisha, wakawasha taa, na yale majina ya watu waliotengeneza yakaanza kupanda. Hayaishi majina hayo. Watu wakatoka, watoto wakaenda kurushiana maji barabarani, vijana wakaanza kukunja viti.

"Eulogio, imekwisha," Bi Provi akasema.

"Subiri."

"Unasubiri nini?"

"Majina."

"Majina ya nani? Unamjua nani humo?"

Nyimbo huziweka mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Kijana wa mashine alitaka kuzima, nikamwambia asiguse. Wimbo wa tisa ukapita. Ni mwanamke wa nchi nyingine, ana majina matatu, sikuwahi kumaliza kuyasoma. Nikaendelea kutazama. Mimi niliyekuandikia kutoka hospitali kwamba si yeye, kwa kujiamini kule kote, nilikuwa nimeinama mbele natafuta jina la mama yako, Felícita Pizarro. Nililitafuta kwenye wapiga ngoma, nikalitafuta kwenye wapishi, nikalitafuta kwenye wale wanaoshukuriwa. Halikuwepo. Pazia likawa jeupe na mimi bado natazama, na Bi Provi alikaa chini karibu yangu, akaacha kuniharakisha.

Kwa hiyo usiniulize ugonjwa wako unaitwaje. Ninao.

Kwenye nyumba yangu, upande wa jikoni hauvuji, na chumba chako kinavuja. Bi Provi ana chumba chenye dari ya zege, ametandika kitanda tangu asubuhi kabla sijamwomba. Kazi sijui utapata wapi. Kimbunga kikija kitatukuta. Yote niliyokuandikia Mei ni kweli na sijafuta hata moja.

Njoo nyumbani, Zuleyka. Mwambie Wanda aniwie radhi, na koti akanunue yeye. Mengine tutagombana tukiwa hapa.

Baba yako